Jinsi ya kupata nyimbo zinazoanza na herufi unayoitaka: mwongozo kamili

Andika herufi Q peke yake kwenye kisanduku cha kutafutia cha programu yoyote ya muziki, uone kitakachokuja. Utaletewa wasanii wenye Q kwenye majina yao, orodha zilizotungwa na watumiaji wengine, albamu mbili tatu, na nyimbo ambazo programu inadhani utazipenda kwa sababu wengi wanazisikiliza. Nyimbo zenye Q mwanzoni zitakuwemo, ila zimetawanyika kama mchele kwenye mchanga. Nilimaliza jioni nzima hivyo siku nilipokuwa naandaa chemshabongo ya muziki. Niliambulia majina tisa, na matatu kati ya hayo hata nyimbo hayakuwa, yalikuwa majina ya albamu.

Kosa langu lilikuwa kutafuta. Injini ya kutafuta imeundwa ikamate neno, tena neno linalopendwa na wengi. Kuwa herufi fulani imekaa mwanzoni mwa jina, hilo hailijali sana. Kazi hii ni ya kupanga. Unahitaji orodha ndefu iliyokwisha kupangwa kialfabeti uiendee moja kwa moja kwenye herufi yako, au orodha yoyote ndefu ambayo utaipanga mwenyewe. Ukilishika hilo, yaliyobaki ni kujua orodha hizo ziko wapi na mitego yake ni ipi.

Kwanza: amua jina la wimbo linaanzia wapi

Usiiruke hatua hii, maana ndiyo inayoleta ugomvi kwenye mashindano. Chukua "The Sound of Silence". Ni T au S? Maktaba zitakwambia S. Katalogi zinazofuata MARC, mfumo wa maktaba wa kuandika taarifa za kazi kwenye kompyuta, zina sehemu ya 245, ndipo jina la kazi linapoandikwa, na pembeni yake kuna tarakimu moja inayoiambia kompyuta iruke alama ngapi kabla ya kuanza kupanga. Kwa jina linaloanza na "The" tarakimu hiyo ni 4: herufi tatu na nafasi moja. Programu nyingi za kuchezea muziki nazo huruka "The", "A" na "An" kimyakimya, ndiyo maana wimbo unaoutafuta kwenye T wakati mwingine umejificha kwenye S.

Shida ni kwamba ujanja huo mara nyingi umewekwa kwa Kiingereza tu. "La Vie en rose" ya Édith Piaf itabaki kwenye L kwa sababu programu haijui kuwa "La" ni ndugu yake "The". Nyimbo za Kiarabu zilizoandikwa kwa herufi za Kilatini zina balaa zaidi: "El Atlal" ya Umm Kulthum, ya mwaka 1966, utaikuta kwenye E, kwingine kwenye A kwa sababu mpangaji aliruka "El", na kwingine kwenye A kwa sababu mwandishi aliandika "Al".

Kuna mabano. "(I Can't Get No) Satisfaction" ya The Rolling Stones, ya 1965, inaanza na mabano, kisha I, lakini watu wote wanaiita Satisfaction. Kuna tarakimu. "99 Luftballons" ya Nena, ya 1983, kompyuta itaiweka kabla ya A, wakati Mjerumani anayeisoma kwa sauti ataanza na N. Anayeisoma kwa Kiswahili ataanza na T ya tisini na tisa, na sioni kwa nini asipewe alama yake kama kanuni zenu zinaruhusu.

Halafu kuna wimbo mmoja wenye majina mengi. Mfano ninaoupenda kuliko yote ni "Mbube", yaani simba kwa Kizulu. Solomon Linda aliurekodi na kundi lake la Evening Birds mwaka 1939. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 kundi la The Weavers la Marekani likautoa kwa jina la "Wimoweh", kwa jinsi walivyousikia mwitikio wa "uyimbube". Mwaka 1961 The Tokens wakautoa tena kwa maneno mapya: "The Lion Sleeps Tonight". Sasa wimbo huo ni wa M, wa W, wa L, au ni wa T? Hali ni ileile kwa Kyu Sakamoto wa Japani: wimbo wake wa 1961 uitwao "Ue o Muite Arukō" uliuzwa nje kwa jina la "Sukiyaki", kwa hiyo una U nyumbani na S ugenini.

Kanuni ninazozitumia ni hizi. Jina ni lile lililochapishwa kwenye rekodi yenyewe, si lile ambalo watu huliita. Rekodi tofauti iliyotoka kwa jina tofauti inahesabiwa peke yake. Vineno kama "The" na "La" naviruka ninapoandaa orodha ya watu wazima, lakini naviacha ninapowaandalia watoto wanaojifunza kusoma, kwa sababu mtoto akiona T halafu ukamwambia ni S, umemvuruga bure. Mabano nayasoma kama yalivyo. Unaweza kuchagua kanuni nyingine kabisa. Cha lazima ni kuziandika kabla ya kuanza, si baada ya mtu kudai alama.

Pili: jua herufi yako inaishi lugha gani

Hapa ndipo muda mwingi unapookolewa. Herufi isiyo na kitu katika lugha moja inaweza kuwa imejaa pomoni katika lugha ya pili. Kiswahili chenyewe hakina Q wala X katika alfabeti yake, na C haisimami peke yake bila H. Kwa hiyo anayesaka nyimbo za Kiswahili zenye C anasaka Ch, basi.

Lakini itazame Q upande wa lugha zilizotokana na Kilatini. Kihispania kina "que", "quién", "quiero", "quizás". Kifaransa kina "que", "qui", "quand", "quelque". Kiitaliano kina "quando", "quanto", "questo". Haya ni maneno ya kuuliza, kutaka na kusitasita, na nyimbo za mapenzi zinaishi humo humo. Ndiyo maana ukitoka kwenye Kiingereza, ambako Q inakupa "Queen", "Question", "Quiet" na mengine machache, unakutana na "Quizás, quizás, quizás" ya Osvaldo Farrés (1947), "Quando quando quando" ya Tony Renis (1962) na wengine kibao. Hata "Que Sera, Sera", iliyoimbwa kwa Kiingereza na Doris Day mwaka 1956, iliazima Q yake huko.

X ni ngumu zaidi, ila ina makao. Kichina kinapoandikwa kwa pinyin, yaani kwa herufi za Kilatini, kina "xin" (moyo) na "xiao" (dogo), maneno mawili yasiyokauka kwenye majina ya nyimbo. Kivietinamu kina "xuân", majira ya kuchipua kwa mimea. Kixhosa hutumia X kwa sauti ya kidoko. Kibaski kina X nyingi. Kiingereza kitakupa "Xanadu" ya Olivia Newton-John (1980) na "XO" ya Beyoncé (2013), kisha jasho litaanza kukutoka.

Kiswahili nacho kina utajiri wake, na unatokana na sarufi. Majina yetu hubeba viambishi mwanzoni, na vitenzi hubeba mtendaji. Kwa hiyo M imefurika: mama, moyo, mapenzi, maisha, mpenzi, Mungu. N imefurika kwa sababu mwimbaji anajisema mwenyewe: nakupenda, nimechoka, nitarudi, niache. S inapata "si-" ya kukanusha: sina, sitaki, siwezi, na juu yake siku na safari. H inapata hakuna, haiwezekani, hata. T inapata "tu-": twende, tucheze, tuonane. U, ambayo kwa Kiingereza ni ya kuokoteza, kwetu ni shamba: upendo, usiku, ukweli, umeniacha, na amri zote za kukataza, usiniache, usilie, usiondoke. E ina maneno ya kuita: ee, ewe, enyi. O ndiyo inayotutoa jasho. Una ombi, ona, ole, oa, halafu unakuna kichwa. Kwa Kiingereza O hiyohiyo ni mteremko, kwa sababu ya "Oh", "One", "Only", "Over".

Tumia mantiki hii kwa lugha yoyote unayoisikiasikia. Jiulize: nafsi ya kwanza inaanza na herufi gani? Kiingereza ni I, Kijerumani I ya "ich", Kifaransa J ya "je", Kihispania Y ya "yo". Maneno ya kuuliza yanaanza na nini? Kiingereza W, na Kijerumani W vilevile. Na alfabeti ina herufi gani hasa? Ya Kiitaliano ina herufi 21 tu. J, K, W, X na Y huja na maneno ya kuazima, kwa hiyo usipoteze saa nzima kutafuta K ya Kiitaliano.

Andika kwenye karatasi maneno kumi ya kawaida yanayoanza na herufi yako, katika lugha mbili au tatu. Hapo sasa kisanduku cha kutafutia kinakuwa na faida, kwa sababu unakipa neno zima. Neno "quiero" litakuletea nyimbo nyingi kuliko herufi Q itakavyofanya kwa wiki.

Tatu: anza na muziki ulio nao

Simu au kompyuta yako pengine ina mamia ya nyimbo. Fungua orodha ya nyimbo zote, ipange kwa jina, shuka hadi herufi yako; programu nyingi zina ukanda wa herufi pembeni wa kugusa. Kwenye Spotify, nyimbo ulizozipa alama ya kupenda zinaweza kupangwa kwa jina, na Apple Music hupanga nyimbo za maktaba yako kialfabeti.

Angalia kitu kimoja: jina la faili na jina lililomo ndani ya faili ni vitu viwili. Faili linaweza kuitwa "03 - wimbo.mp3" huku lebo ya ndani ikiwa na jina kamili, au kinyume chake. Lebo za kizamani za ID3 toleo la 1 zilikata jina kwenye alama 30, lakini kwa kuwa sisi tunataka mwanzo wa jina, mkato huo hautuumizi. Programu ya Mp3tag itakuonyesha lebo zote kwa mkupuo kwenye jedwali, uzisahihishe hapohapo.

Nne: orodha zilizokwisha kupangwa na wengine

Vitabu vya karaoke ni hazina ambayo watu huisahau. Kwa kawaida hupangwa mara mbili, mara moja kwa msanii na mara moja kwa jina la wimbo, kwa sababu mteja huja na kimojawapo kichwani. Katalogi za karaoke za mtandaoni zinafuata mtindo huohuo.

Vitabu vya nyimbo za ibada vina fahirisi nyuma, ila soma kichwa cha fahirisi kabla hujanukuu: mara nyingi ni ya mistari ya kwanza, si ya majina. Na kama kitabu ni cha Kihispania kilichochapishwa kabla ya 1994, kumbuka kuwa Ch na Ll zilihesabiwa kuwa herufi zinazojitegemea katika kupanga, kwa hiyo majina ya Ch yamekaa baada ya C yote kwisha. Vya Kiswidi huweka Å, Ä na Ö mwishoni kabisa, baada ya Z.

Kwenye Wikipedia, achana na kisanduku cha kutafutia, nenda kwenye jamii za nyimbo. Ile ya Kiingereza ina jamii ya kila mwaka, kwa mfano "Category:1965 songs", na jamii za lugha na za wasanii. Ukurasa wa jamii huonyesha majina 200 kwa wakati mmoja, yakiwa yamepangwa, na kwa kawaida "The" imekwisha kurukwa. Ongeza `?from=Q` mwishoni mwa anwani ya ukurasa na utatua kwenye Q papo hapo. Rudia kwa miaka kumi tofauti, kazi ya nusu saa, na utakuwa na orodha ya heshima.

Tano: kanzidata zenyewe

Ukitaka kuchimba zaidi, nenda MusicBrainz. Ni kanzidata huria ya muziki, inajazwa na watumiaji. Katika utafutaji wake chagua aina ya "Work", ambayo ni wimbo kama utunzi, badala ya "Recording", ambayo itakuletea kila rekodi ya wimbo huohuo hadi uchoke. Washa chaguo la "advanced query syntax", kisha andika:

`work:q* AND lang:spa AND type:song`

Kinyota kinamaanisha "na chochote kinachofuata", `spa` ni msimbo wa Kihispania. Weka `swa` kwa Kiswahili au `fra` kwa Kifaransa. Mtego wake ni kwamba kanzidata hukata jina kuwa maneno mojamoja, kwa hiyo utaletewa pia majina ambayo Q imo kwenye neno la tatu au la nne. Usikasirike. Nakili yote, utachuja baadaye.

Wikidata, kanzidata ndugu ya Wikipedia, ni kali zaidi kwa sababu inaelewa "inaanza na" kwa maana halisi. Kwenye query.wikidata.org bandika hii:

```
SELECT ?wimbo ?jina WHERE {
  ?wimbo wdt:P7937 wd:Q7366 ;
         wdt:P407 wd:Q1321 ;
         rdfs:label ?jina .
  FILTER(LANG(?jina) = "es")
  FILTER(STRSTARTS(?jina, "Q"))
}
```

Mstari wa kwanza ndani ya mabano unasema kazi hii ni wimbo, wa pili unasema lugha yake ni Kihispania (Q150 ni Kifaransa, Q1860 ni Kiingereza), na wa mwisho ndio wenye herufi yako. Usiondoe sharti la lugha kwa tamaa ya kupata nyimbo zote za dunia kwa mpigo: mtambo huo hukata swali lolote linalozidi sekunde 60, na utabaki mikono mitupu. Matokeo unaweza kuyapakua kama faili la CSV.

Sita: chuja kwenye jedwali

Mwaga kila ulichokusanya kwenye Excel au programu yoyote ya majedwali, majina kwenye safu A. Kwenye safu B ondoa "The":

`=IF(LEFT(A2,4)="The ",MID(A2,5,200),A2)`

Kwenye safu C chukua herufi ya kwanza kwa `=LEFT(B2,1)`, kisha chuja. Ukitaka idadi tu, `=COUNTIF(B:B,"Q*")` inatosha. Kama programu yako inalalamikia mkato (,), jaribu nukta-mkato (;) mahali pake; inategemea mpangilio wa lugha ya kompyuta.

Sasa angalia waliopotea. Ndani ya kompyuta kila alama ina namba: tarakimu ni 48 hadi 57, herufi kubwa 65 hadi 90, herufi ndogo 97 hadi 122. Programu inayopanga kwa namba hizo bila akili ya ziada itaweka "bad guy" ya Billie Eilish (2019) na "thank u, next" ya Ariana Grande (2018) baada ya Z, kwa sababu majina yao yameandikwa kwa herufi ndogo makusudi. "Águas de Março" ya Jobim nayo itatupwa mwisho kwa ajili ya kialama juu ya A. Excel haina tatizo hilo ikipanga, lakini orodha uliyoinakili kutoka kwingine inaweza kuwa nalo. Kwa hiyo kabla hujasema "hakuna", shuka hadi chini kabisa ya orodha, kisha panda hadi juu kabisa, kwenye mabano na tarakimu.

Ukikumbuka herufi ya kwanza tu

Hili ni swali tofauti kidogo: wimbo uko kwenye ncha ya ulimi, una uhakika unaanza na L, basi. Hapo herufi peke yake haikufikishi popote. Ifunge na kipindi. Spotify inakubali `year:1990-1999` pembeni ya neno unalotafuta. Jamii za miaka za Wikipedia zinafanya kazi vizuri zaidi, kwa sababu unapitia majina kwa macho, na jicho hulitambua jina ambalo kumbukumbu imeshindwa kulitoa. Pitia miaka miwili kabla na miwili baada ya ule unaoudhani. Ukikosa, soma herufi ya jirani yenye sauti inayofanana, R kwa L, B kwa V, K kwa C na Q. Mara nyingi tunachokumbuka ni sauti, si maandishi.

Mwisho wa yote, kabla ya kumpa mtu orodha, cheza mwanzo wa kila wimbo na utazame jina kwenye rekodi yenyewe. Kwenye ile chemshabongo yangu ya Q niliyoirudia kwa njia hii nilipata majina zaidi ya mia moja ndani ya saa mbili. Kumi na moja yalikuwa wimbo mmoja ulioimbwa na watu kumi na mmoja.